Kola Hamsini na Mbili

Simu ya somo yangu ilinikuta nafua nguo za wajukuu nyuma ya nyumba ya mwanangu. Tuliitana somo kwa sababu jina letu ni moja, na kwa miaka kumi na mmoja tulikaa cherehani kwa cherehani katika kiwanda cha mashati, yeye akiunga mikono ya mashati, mimi kola. Kiwanda kilifungwa mwaka uleule niliomzika mume wangu. Somo alihamia jiji kubwa. Mimi nilibaki, na miaka saba ikapita bila mtu kuniita kazini.

"Somo, ule wepesi bado unao?" akaniuliza.

"Wepesi haujaenda popote. Kazi ndiyo iliyokwenda."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Basi funga mzigo. Huku mimi ndiye msimamizi wa chumba kizima. Nina nafasi ya mtu wa kola, na ni ya kudumu. Nikimweka mtu mwingine na wewe upo, Mungu ataniuliza."

Miaka saba ni mingi. Nilikuwa nimejifunza kula mwisho, na kula kidogo, nisije nikaonekana nakula. Mkwe wangu si mtu mbaya, lakini siku moja jirani alimuuliza mama anafanya nini siku hizi, nikamsikia anajibu, "Mama? Yupo tu." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana liliniuma.

Siku ya ibada nikasimama mbele ya watu nikatoa ushuhuda kwamba Mungu hamsahau mjane, amemtumia somo yangu. Wakapiga makofi, wakaniombea safari. Asubuhi ya kuondoka, kabla sijafika mlangoni na begi langu, kitanda cha wajukuu kilikuwa kimeshaingia chumbani kwangu. Nikajua kwamba pale sina pa kurudi.

Kiwanda kilikuwa ghorofa ya pili. Cherehani arobaini kwa safu nne, madirisha juu karibu na dari, vumbi la pamba limetanda hata kwenye nyaya za taa. Somo alinipokea na viatu vya kisigino na kitambulisho shingoni. Amenawiri. Akanikumbatia, kisha akaninong'oneza, "Hapa kazini niite Madamu. Si kwa ubaya, ni utaratibu tu."

"Sawa, Madamu," nikasema, tukacheka wote wawili. Yeye aliacha kucheka kabla yangu.

Alinipangia kulala kwa mshonaji mwenzangu wa kola, mwanamke mwenye watoto wawili, umri wa mwanangu. Kiwandani walimwita Kidole, kwa sababu sindano ya cherehani ilipita kwenye kidole chake cha shahada, kikapona kimepinda. Mwenyewe alikuwa akikifanyia mzaha.

"Sindano iliingia huku ikatokea huku, mama," aliniambia usiku wa kwanza, akinionyesha. "Ikaangalia huku na huku humo ndani, ikaona hakuna cha maana, ikarudi zake."

Chumba kilikuwa kimoja. Mimi na yeye kitandani, watoto kwenye godoro chini. Hakuniuliza nitakaa siku ngapi.

Siku ya tatu somo akaja mezani kwangu. "Kesho anakuja bwana wa kupima. Huo ndio mtihani wako wa kuingia. Shona kama unavyojua, usinionee haya. Nataka wakubwa wamwone mtu niliyemleta."

Kesho yake akaja kijana mrefu, ameshika saa ya kupimia, akasimama nyuma yangu. Chumba kizima kikatulia. Cherehani zilinguruma, lakini maneno yalikatika. Kidole, aliyekuwa kushoto kwangu, akainama kama anaokota uzi. "Mama," akasema chini kwa chini, "polepole. Leo ni siku ya polepole."

Nilidhani ananituliza. Nikamwitikia kwa kichwa kumshukuru.

Ndugu msomaji, kule kwetu tulilipwa kwa kola. Aliyeshona nyingi alikula vizuri, na mwenye saa akija tulifurahi, maana huenda akaona cherehani mbovu akaibadilisha. Hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba kuna siku ya kuzuia mkono. Tena nilikuwa na njaa ya kazi ya miaka saba. Nikamwomba Mungu aniongoze, nikakanyaga.

Lo! Nilishona. Kitambaa kilikuwa kinakuja chenyewe. Sikufumua hata moja. Kijana alipobonyeza saa yake, ilikuwa imetimia saa nzima, na kola hamsini na mbili. Akamwonyesha somo. Somo akanibana bega, nikaona fahari kama mtoto aliyesifiwa mbele ya darasa.

Jumatatu karatasi ilikuwa ukutani. Kola: hamsini kwa saa. Zamani ilikuwa thelathini na sita. Atakayeshindwa kufikia kwa siku tatu, aachie nafasi.

Wanawake walisoma, kisha mmoja mmoja wakageuka kunitazama. Mmoja mnene wa safu ya vifungo akasema kwa sauti, "Mgeni njoo mwenyeji apone! Haya, wenyeji tumeshapona, tushukuruni."

"Mwacheni," Kidole akasema. "Hata hajui amefanya nini."

"Atajuaje na ameletwa na Madamu kwenye begi?"

Chakula cha mchana Kidole akanieleza, bila hasira, kama unavyomweleza mtu njia. Pale hulipwi kwa kola, unalipwa kwa mwezi, na kila mwanamke anajua kwamba mwenye saa akija mkono unapata baridi. Wameuzuia miaka mitano, wakubwa wakipima na kupima wanapata thelathini na sita. "Wasiojiweza kama mimi tunaishi humohumo," akasema, akitazama kidole chake.

Nikaenda ofisini kwa somo. Alikuwa anapanga mafaili.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua nini tena?"

"Somo, nakuuliza."

Akafunga mlango. "Keti." Sikuketi. "Wakubwa wamenisumbua mwaka mzima wanataka idadi. Waliniambia, au idadi, au utupishe. Nikakaa nikafikiri: ni nani ninayemjua mimi ambaye hawezi kushona polepole hata umsihi? Hakuna mwingine. Ni wewe."

Alisema hivyo kama mtu anayekusifia.

"Na nafasi ya kudumu?"

"Ipo. Ijumaa wanapima mikono ya mashati, na nitakuhamishia safu hiyo uishone wewe. Ukinipa idadi nzuri, nakusainisha siku hiyohiyo."

"Kwa hiyo mpaka sasa sijaajiriwa."

"Uko kwenye majaribio. Somo, usinitazame hivyo. Miaka saba umekaa, nani mwingine alikupigia simu? Hao waliokupigia makofi?"

Ilikuwa kweli. Nilitoka, nikarudi kwenye cherehani, nikashona hamsini kila saa, maana ndiyo niliyoiweka mwenyewe.

Kidole alifikia arobaini na moja siku ya kwanza. Ya pili, arobaini na tatu, na damu kwenye ukucha. Nilimsogezea za kwangu chini ya meza, kola nne, tano, mpaka somo akapita, akazitazama, akazirudisha kwenye kikapu changu. Siku ya tatu, arobaini. Alhamisi hakuruhusiwa kupanda ngazi.

Jioni nilimkuta anakunja nguo za watoto zilizokuwa zimekwisha kunjwa. Nilijitayarisha kutukanwa. Ningeona afadhali.

"Mwanangu, ningejua..." nikaanza.

"Hukujua, mama. Nimewaambia wote hukujua." Akaweka shati dogo juu ya jingine. "Lakini Ijumaa unajua."

Niliamka alfajiri kuomba. Sikuomba kazi wala sikuomba iondoke. Niliomba tu nisiidanganye nafsi yangu, kwani nilijua wazi kilichokuwa mezani: nikishona niwezavyo, nina kazi mpaka uzee wangu, na chumba changu, na hakuna atakayesema tena yupo tu. Na safu nzima ya mikono, wanawake tisa, watasomewa karatasi yao.

Kijana wa saa akaja, akasimama nyuma. Somo alisimama mwisho wa safu, amekunja mikono kifuani. Nikakanyaga.

Kushona polepole ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilikata uzi mara mbili palipotosha mara moja. Nililaza mshono kwa kiganja, nikaulaza tena. Nilibadilisha bobini ya uzi ambayo haijaisha. Kando yangu nilisikia mtu anapumua kwa kuachia. Saa ikabonyezwa.

"Ishirini na nne," kijana akasema, idadi ileile ya siku zote ya safu ya mikono, akaanza kuandika.

"Usiandike hiyo," somo akasema.

Alikuja akasimama kati ya cherehani yangu na ile ya jirani, upande uleule aliokuwa akikaa yeye enzi zetu kule kiwanda cha zamani. Hakunitazama usoni. Alinitazama mdomo.

"Bwana, huyu anakuzuga. Nimekaa naye miaka kumi na mmoja. Akishona kweli, midomo yake inachezacheza. Anasali bila sauti, wala mwenyewe hajui. Leo amefunga mdomo tangu umeanza."

Ni kweli sikujua. Hata marehemu mume wangu hakuwahi kuniambia. Somo alikuwa ameliona siku zote hizo, akalihifadhi, na hapo ndipo alipolitolea.

Kijana akachanganyikiwa. "Sasa niandike ngapi?"

"Mikono nimeiunga mimi mwenyewe. Kwa wepesi wake huyu, thelathini na nane. Andika."

"Mama, utarudia?" kijana akaniuliza, kwa heshima kabisa. "Ukirudia vizuri, mkataba uko hapa."

"Mimi nimeshona ishirini na nne," nikasema. "Zihesabu zipo kikapuni."

"Basi hatuna kazi na wewe, mama."

Akaandika thelathini na nane. Nikavua aproni nikaiweka juu ya cherehani. Nilipopita katikati ya safu hakuna aliyeinua kichwa. Kila mmoja alikuwa na idadi ya kufikia.

Somo alinifuata mpaka kwenye ngazi. "Umejiharibia mwenyewe," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilikushika mkono mimi? Somo, nilikushika mkono?"

Nilishuka. Ningemjibu, ningemlaani, na mtu niliyemshukuru Mungu kwa ajili yake mbele ya watu naogopa kumlaani.

Kidole alikuwa mlangoni kwake anaosha vyombo. Alinisoma usoni kabla sijaketi.

"Wameandika ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Na wewe umeshona ngapi?"

"Ishirini na nne."

Akapiga hesabu na vidole vyenye sabuni, na kile kilichopinda kikahesabiwa pamoja na vingine. "Hizo kumi na nne kashona nani?"

"Somo yangu," nikasema. "Kazishona kwa mdomo."

Nilifikiri atacheka, yeye anayecheka kila kitu. Akafuta mkono kwenye kanga, akanisogezea kigoda. Tukakaa pale, watu wawili wasio na kazi katika jiji la watu wengi, tukaanza kutajiana viwanda vyenye malango upande ule wa barabara, kipi tuanze nacho Jumatatu.