Kesi ya Firigisi Mbele ya Hakimu wa Siku Tatu

Usiku wa jana niliota, na mapema kabisa naomba ieleweke kwamba sikulala nikiwa nimekula kitu kibaya. Nilikuwa nimekula kitu kizuri sana. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kwetu Muheza, kuku akichinjiwa mgeni, firigisi ina mwenyewe. Jana mchana alikuja shemeji yangu Mbaruku, mume wa dada Mwanahawa, na mama akamchinjia jogoo. Sasa mkwe akichungulia sahani asiione firigisi, ni kama umemwambia hapa si kwenu. Hayo yote nayajua. Lakini firigisi ilikuwa juu kabisa ya sufuria, inang'aa kwa mafuta, na jikoni tulikuwa wawili tu, mimi na njaa yangu. Nikaila. Mama alipouliza, nikanyoosha kidole kwa paka wetu, Bwana Afya. Tulimpa jina hilo kwa sababu hukagua kila jiko la mtaa bila kualikwa.

"Basi kesho asubuhi anaingia kwenye kiroba," mama akasema. "Anakwenda kuachwa sokoni mji wa jirani. Akakague huko."

Mimi nikala wali wangu huku naimba, na baadaye nikalala.

Sasa niko mapokezi, na mapokezi yenyewe yako ndani ya kichwa changu. Najua ni changu kwa sababu kuna vumbi na hakuna anayefanya kazi. Mezani umekaa mfuniko wa sufuria, umevaa miwani.

"Jina?"

"Mhina Salehe. Lakini wewe si unanijua? Wewe ni mfuniko wa jikoni kwetu."

"Nakujua sana. Jana ulininyanyua bila hata hodi. Ingia, kesi yako imeanza."

Nafungua mlango. Nyuma ya mlango kuna uwanja wa shule yangu ya msingi, na uwanja huo ndio mahakama. Kwenye meza kubwa, juu ya mto, amelazwa hakimu. Ni mtoto mchanga. Amefungwa khanga, na kitovu bado hakijadondoka.

"Simama wima!" mfuniko unanifokea. "Mheshimiwa ana umri wa siku tatu."

"Mbona mdogo hivyo?"

"Kwa kesi hii ndiye pekee anayefaa. Hajafundishwa kitu na mtu yeyote. Wengine wote tuliowaita walikuwa wameshalelewa."

Upande wa pili amekaa Bwana Afya, kavaa koti jeupe, ana daftari.

"Mheshimiwa," anasema paka, "mimi firigisi sili. Ni ngumu, na nimebakiwa na meno tisa."

"Mshtakiwa una la kusema?" hakimu anauliza. Ana sauti nzito kama ya mtangazaji wa mpira.

Ninalo. Nimemaliza kidato cha nne, siwezi kukosa la kusema.

"Mheshimiwa, binadamu anazaliwa mtupu kama ndoo mpya. Mema na mabaya anawekewa na wakubwa. Mimi nimekaa darasani miaka kumi na mmoja. Nimefundishwa jinsi majani yanavyojipikia chakula, nimefundishwa mito ya nchi ambazo sitafika. Firigisi haikuwemo kwenye mtaala. Ndoo ikiwa haina maji, alaumiwe aliyetumwa kisimani."

Nikajipigia makofi moyoni. Makofi yakasikika uwanja mzima, maana tulikuwa humo humo ndani.

Hakimu ananyonya kidole gumba kwa muda mrefu.

"Tuikague ndoo," anasema.

Uwanja unajikunja chini ya miguu yetu, unakuwa matuta matuta kama shamba la viazi, ila ni laini na lina joto. Huu ni ubongo wangu. Unaonekana mpya kabisa, kama kitu kilichokaa kabatini. Mfuniko umembeba hakimu kama sinia. Mbele yetu inatembea nyundo, ndiyo fundi wa jengo, ina penseli nyuma ya sikio. Sikio imelipata wapi, sikuuliza.

"Hapa tuko nyuma ya paji la uso," nyundo inaeleza. "Ndipo anapoamulia mambo yake. Chumba hakitumiki sana."

"Naomba lugha ya heshima," nasema.

"Tazameni ukuta. Hii ya juu ni lipu. Aliipiga mama yake, kidogo kidogo, miaka kumi na minane. Hapa imeandikwa mpishe mkubwa. Hapa, usile huku unatembea. Na hii ina alama ya mwiko: firigisi ni ya mkwe."

Nyundo inagonga pale. Sauti ya mama inatoka ukutani: "Mhina! Toa mkono!" Natoa mkono mfukoni, ingawa haukuwa na kosa.

"Mheshimiwa umesikia!" naruka. "Imepakwa! Sikuzaliwa nayo! Kuna watu lipu yao inasema firigisi ni ya mpishi, na kuna wengine wanamtupia mbwa. Nao ni watu wazuri tu!"

Hakimu anakubali kwa kichwa. Shingo haijakaza, kwa hiyo kichwa kinakubali mpaka kifuani, mfuniko unakirudisha.

"Ana hoja," anasema. "Suala la firigisi ni suala la lipu. Soma shtaka la pili."

Nimeshaanza kucheza. Mfuniko unasoma:

"Kumsingizia paka."

Goo!

Sauti imetoka chini. Nyundo inabandua lipu, inafukua matofali, inashuka mpaka kwenye msingi. Huko, gizani, inaning'inia rimu ya lori, kama ile tuliyokuwa tukigongewa kengele shuleni. Inayumba. Hakuna aliyeigusa.

"Nani ameitundika?" anauliza hakimu.

"Si mimi," inasema nyundo. "Nimeikuta. Nyumba nzima imejengwa juu yake."

"Labda mama yake?"

"Mama yake alifika baadaye na karai la lipu. Na lipu haikamati mahali pasipo na ukuta, mheshimiwa."

"Hiyo ni ya jirani," nasema.

Goo!

"Nilikuwa natania tu."

Goo! Nashuka shimoni mbio, naikumbatia rimu ili inyamaze. Inanitikisa mpaka magego. Halafu inaongea, taratibu, kama mtu aliyetoka shamba.

"Mhina, na mimi nimechoka. Tangu jana saa saba mchana sijakaa."

"Muda wote huo ulikuwepo?"

"Tangu hujaota jino. Ulikuwa na miezi sita, ukamwona mtoto mwenzio ananyang'anywa andazi. Andazi si lako, mtoto humjui, ukalia wewe. Unadhani nani alikuwa anagonga?"

"Mbona jana sikukusikia?"

"Ulinisikia. Ndiyo maana ulikula wali huku unaimba."

Naiachia rimu.

Bwana Afya anakunja daftari.

"Mheshimiwa, mimi sitaki afungwe," anasema. "Nataka kulala kwangu tu. Nyuma ya jiko kuna gunia nimelilalia miaka minne, limeshashika umbo langu. Huko sokoni nitaanzia wapi, na umri huu?"

Masikio yananiwaka moto. Rimu haikugonga. Haikuhitaji.

"Hukumu," anasema hakimu. "Ya firigisi, umevunja lipu, mtajuana na aliyeipiga. Ya paka, ulijua bila kufundishwa, hata mimi wa siku tatu najua. Utasema mwenyewe, kwa mdomo huo huo, kabla kiroba hakijafungwa."

"Nikiamka nikasahau je? Ndoto husahaulika, mheshimiwa."

"Nitakugongea muhuri."

Mfuniko unaninyooshea hakimu, nampakata. Nangoja muhuri. Mheshimiwa anageuza uso, anafungua kinywa, ananicheulia begani.

"Kesi imekwisha," unasema mfuniko, na kunifunika.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshatoka. Nje mama anahangaika na kiroba, na kwenye mdomo wa kiroba unaonekana mkia tu. Shemeji Mbaruku amekaa kwenye kigoda na chai yake. Mama ameshashika kamba. Nikatoka peku.

"Mama, usifunge! Firigisi nilikula mimi!"

Mama akanitazama. Akatazama kiroba. Akakiinamisha, Bwana Afya akatoka, akajinyoosha, akaelekea jikoni kukagua, hakumsalimia mtu.

"Vizuri," mama akasema, amekishikilia kiroba kikiwa wazi. "Kiroba kipo. Ingia."

Shemeji akapaliwa na chai.

"Mama, msamehe bwana. Mimi mwenyewe firigisi siiwezi. Kila nikija naifukia chini ya wali."

"Miaka yote hii, Mbaruku?"

"Ningesemaje, mama? Nimelelewa kwamba mkwe hakatai."

Mama alicheka mpaka akakalia kiroba. Alipomaliza kucheka akakumbuka kwamba bado ana kesi na mimi, akanyanyuka, akanishika sikio. Ghafla akasita. Akanusa bega langu.

"We Mhina. Mtaa huu hauna mtoto mchanga hata mmoja. Umembeba mtoto wa nani?"

Nikageuza shingo. Begani kulikuwa na doa jeupe la maziwa yaliyokatika, bado yana uvuguvugu.

"Jina lake sikuliuliza, mama," nikasema. "Tulikuwa tunamwita mheshimiwa."