Mhimili Usioshika Moto

Kila adhuhuri mashine ya kuchambua pamba pale Kasongo ilisimama, kwa sababu mhimili wake ulikwaruzana na vyuma vilivyoushika mpaka ukatoa moshi. Ulipokuwa ukipoa, wanawake waliobeba pamba kutoka mashambani walipata kukaa. Octave, fundi wa vyuma, alikula muhogo na mmoja wao, mkewe Ernestine, mama wa mtoto wao Roger, tena mwenye mimba ya miezi saba.

"Ukiondoa ule moto," muzungu wa mashine alimwambia Octave, "bibi yako hatalima pamba tena."

Majuma mawili Octave aliusugua mhimili kwa unga wa jiwe na mawese, kisha kwa majivu na kitambaa. Alifumba macho akaupapasa kwa ncha ya kidole. Alipokuta mkwaruzo, alianza upya, hata ukateleza kama mgongo wa kambale.

Siku ya kuujaribu, mashine ilizunguka toka asubuhi hadi jua kuchwa. Muzungu akacheka.

"Sasa iko nakula pamba mara mbili! Kila mwanamke ataongeza shamba."

"Na bibi yangu, bwana?"

"Naye pia. Nitatoa wapi pamba ingine?"

Nje, wanawake walikuwa bado wamesimama na vikapu vyao. Mmoja akamwita Octave kwa hasira.

"Baba Roger, wewe unafanya kazi humu. Ni mutu gani mubaya aliitengeneza hii mashine, haichoki tena?"

Ernestine, aliyejua, aliitazama mikono ya mumewe. Kisha akajitwika kikapu chake, akaenda.