Kabureta Moja, Hilmani Tatu

Jumanne ya tarehe kumi na mbili Oktoba, mwaka 1976, kabla hakujapambazuka vizuri, Hosiana alimshika mumewe bega akamwambia, "Baba Grasi, tumbo hili si la mchezo." Kufika saa mbili asubuhi alikuwa hawezi hata kunyooka. Tabibu aliyekuja kumwona pale nyumbani Chanika, Handeni, alimbonyeza ubavu mara moja tu, akamvuta mumewe, Habakuki, nje, akamwambia mgonjwa apelekwe Korogwe kwa mpasuaji, na apelekwe sasa hivi.

Gari lilikuwepo. Hapo ndipo panapouma. Hilmani yake ya rangi ya maziwa ilikuwa imesimama chini ya paa la makuti, imeoshwa, magurudumu yamejaa upepo, tangi lina petroli ya kufika Korogwe na kurudi. Ila ukifunua boneti, pale pa kukaa kabureta palikuwa na tundu lililozibwa kitambaa. Kabureta ilikuwa Korogwe. Ilikuwa imekwenda harusini.

Basi la Korogwe lilikuwa limeshaondoka tangu saa kumi na mbili. Habakuki alikimbia hadi kwenye Landrova ya ofisi ya wilaya. Dereva wake alikuwa amekaa kivulini anakula muwa.

"Mzee, mimi nakuonea huruma, lakini siwashi bila sahihi."

"Na mwenye sahihi yuko wapi?"

"Kabuku. Kwenye mkutano."

"Mkutano wa nini?"

Dereva alitema makapi ya muwa. "Wa maendeleo ya wananchi."

Basi wakambeba Hosiana juu ya kitanda cha kamba, majirani wanne, mpaka barabarani, wangoje lori. Lori halikutokea. Saa nane mchana, hapo hapo kando ya barabara, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya jirani yao Tatu, Hosiana alikata roho. Saa kumi basi likarudi kutoka Korogwe. Konda akateremka na kikapu mkononi, anacheka, hajui lolote, akasema, "Mzee Habakuki, mzigo wako huu!" Ndani ya kikapu, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga ya zambarau ya Hosiana mwenyewe, ilikuwamo kabureta.

Mtu asiyejua atauliza, kabureta ya mtu inakwendaje harusini?

Hilmani zilikuwa tatu tu katika Handeni na Korogwe nzima. Zamani zilikuwa nyingi, enzi mabwana wa mashamba ya mkonge walipokuwa wanazibadilisha kama mashati. Habakuki, aliyekuwa fundi wa mitambo kwenye shamba moja la mkonge, aliinunua yake kwa mhasibu wa Kizungu aliyekuwa anafungasha virago mwaka sitini na tatu. Ya pili ilikuwa ya Laurenti, karani mstaafu wa reli, pale Korogwe. Ya tatu ilikuwa ya Ledama, mfanyabiashara wa ng'ombe wa huko nyikani, ambaye watu walimcheka kwamba Mmaasai gani anapanda gari, naye akawajibu, "Ng'ombe wangu wanatembea kwa niaba yangu."

Watatu hawa walipendana kwa sababu ya magari yale kuliko wengine wanavyopendana kwa sababu ya damu. Walijiita ukoo. Walikuwa wakikutana Jumapili, wanafunua boneti tatu kwa pamoja, wanasikiliza injini kama watu wanaosikiliza kwaya. "Pijo inakohoa," Laurenti alikuwa akisema, "Datsun inapiga kelele, lakini Hilmani inazungumza." Hosiana naye alikuwa mmoja wao. Yeye ndiye aliyevisuka upya viti vya gari la mumewe kwa ukindu vilipochanika, na kiti cha kushoto mbele kilikuwa chake. Hakuna mwingine aliyekikalia, hata awe shehe au mchungaji.

Kisha spea zikaisha. Si kwamba ziliisha zenyewe. Wakubwa walikaa mahali, penye feni, wakaamua gari gani Mtanzania alipende na gari gani aliache. Habakuki alisafiri hadi Tanga na fomu zake tatu za kuomba spea. Kijana mmoja nyuma ya meza alipitisha kidole kwenye orodha ya magari yanayoletewa spea, juu hadi chini, chini hadi juu.

"Hilmani haimo, mzee."

"Haimo vipi, na mimi nimekuwa naiendesha miaka kumi na tatu?"

"Kwenye orodha hakuna gari la jina hilo."

"Kijana, nikikuletea hapa mlangoni utaliona?"

"Nitaliona, mzee. Lakini halitakuwemo."

Habakuki alisoma hadi darasa la tatu tu, ila hata darasa la tatu lilimtosha kujua kwamba ametukanwa.

Kabureta ya Ledama ilikufa kwanza, ikafuata ya Laurenti. Ikabaki moja, ya Habakuki. Ndipo ukoo ukakata shauri: kabureta iwe ya wote, ikae wiki kwa huyu, wiki kwa yule, isafiri kwa basi ndani ya kikapu. Ledama, mtu wa kuona mbali, alishauri jambo jingine. "Mimi nasema tutafute za Datsun, tuchonge kibati cha kuungia, zitaingia."

Habakuki alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake. "Uitie Hilmani koo la Datsun? Bora isimame."

"Itasimama basi," Ledama akasema.

"Na isimame! Lakini isimame na heshima yake."

Laurenti akapiga makofi. Hosiana, aliyekuwa anawamiminia uji, akacheka akasema wanaume hawa siku moja watalioa gari.

Wiki ile ya Oktoba zamu ilikuwa ya Habakuki. Lakini Paulina, binti wa Laurenti, alikuwa anaolewa Jumamosi ya tarehe tisa, na upande wa bwana harusi ulikuwa umetangaza utamleta kwa Pijo. Habari ilipofika Chanika, Habakuki hakula. Mtoto wa ukoo aingie kanisani ndani ya Pijo! Ijumaa alfajiri alifungua nati mbili kwa mkono wake mwenyewe, na Hosiana akachana kipande cha kanga yake, akaiviringisha kabureta vizuri, akasema, "Ipeleke. Paulina asije akabebwa na gari la watu." Makubaliano yalikuwa irudi Jumatatu. Irudi Jumatatu, siyo Jumanne.

Kwa ajili ya siku ile moja ya kuchelewa, Habakuki hakumsamehe Laurenti. Mazikoni hakumpa mkono. Laurenti alipofungua kinywa aseme neno, Habakuki alimgeuzia mgongo mbele ya watu wote. Akaifunika Hilmani kwa maturubai, kabureta akaitupa juu ya kabati pamoja na kikapu chake. Mwaka mzima, ukimkuta kijiweni, wimbo wake ulikuwa mmoja: wakubwa. Wakubwa waliofuta jina la gari kwenye orodha, wakubwa wenye sahihi na mikutano, wakubwa waliomlazimisha kila Jumatatu akalime shamba la kijiji ambalo mavuno yake hakuyaona. Watu waliitikia kwa vichwa kisha wakaangalia nyuma kuona nani amesikia. Laurenti hakumtaja. Wala mwenyewe hakujitaja.

Mwezi Oktoba uliofuata, siku ya kumbukumbu, Ledama alibisha hodi mchana. Nyuma yake, amevua kofia, alisimama Laurenti. Alikuwa amekonda.

"Karibu, Ledama," Habakuki akasema. "Huyo uliyemleta simjui."

"Utamjua," Ledama akasema, akaingia, akakaa bila kuombwa. "Mimi nimechoka kuwa na ndugu wawili wanaonifanya tarishi. Na leo tuna msiba mwingine. Baba Paulina, mwambie."

Laurenti alibaki mlangoni. "Mpwa wangu yuko gereji Tanga. Amesoma kwenye gazeti la magari la Wazungu. Kiwanda chenyewe, kule Uingereza, kimeliacha jina. Magari watatengeneza, lakini Hilmani hakuna tena. Jina limekufa tangu mwaka jana."

 Kuku alipita katikati ya nyumba, akatoka.

"Kwa hiyo yule kijana wa orodha," Habakuki akasema taratibu, "alikuwa amewahi tu msibani."

Ledama akacheka, halafu akajifuta macho kwa pembe ya shuka. "Tumekuja kufanya matanga. Ya shemeji, na ya hilo gari. Iwashe, Habakuki. Tuisikie mara moja, halafu basi."

"Mimi siwashi kitu. Aiwashe aliyekaa nayo siku moja zaidi."

Alikuwa amelisema hatimaye. Laurenti aliingia ndani, akapiga goti, mtu mzima wa miaka sitini na mitatu, kwenye sakafu ya udongo.

"Nilikaa nayo, kweli. Mama mkwe wangu hawezi kutembea, na ilibidi nimrudishe Dindira Jumatatu. Lakini sikukaa nayo kwa jeuri. Jumapili nilimtuma konda kwako na maneno, nikiomba siku moja. Konda alifika hapa Jumatatu alfajiri, kabla basi halijaondoka."

"Jumatatu alfajiri nilikuwa nimeshakwenda shamba la kijiji."

"Ndiyo. Alimkuta Mama Grasi. Akanirudishia jibu asubuhi ile ile, basi lilipofika Korogwe: kaeni nayo hadi kesho, sisi hatuna safari."

Habakuki aliinuka. Akakaa tena. "Nani alisema?"

"Hosiana. Nilitaka kukwambia makaburini, ukanigeuzia mgongo. Baadaye nikaona, nikikwambia ni kama namtupia marehemu mzigo wangu. Nikanyamaza. Mwaka mzima nimenyamaza."

 Habakuki alitazama kabati. Kisha akasimama, akashusha kikapu, akapuliza vumbi. Kanga ya zambarau ilikuwa imepauka kwenye mikunjo. Aliifungua polepole, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, akatoka na kabureta mkononi. Wenzake wakamfuata, wakavuta maturubai. Nyuki walikuwa wameanza kujenga kwenye taa ya kulia. Kwenye kiti cha kushoto ukindu ulikuwa mzima, umebonyea kidogo pale alipokuwa akikaa.

Wakaanza kazi. Laurenti aliishikilia kabureta mahali pake, Habakuki akakaza nati mbili, Ledama akaleta betri ya trekta aliyokuwa ameiazima njiani. Petroli ya mwaka ilinuka vibaya, wakaimwaga, wakatia ya kwenye kidumu. Mara ya kwanza ilikataa. Mara ya pili ikapiga chafya. Mara ya tatu ikashika, ikatetemeka, ikatulia, ikaanza kuzungumza.

"Isikilize," Laurenti akasema, machozi yanamtiririka. "Isikilize, jamani."

Habakuki alikuwa kwenye usukani. Hakuitia gia. Alikuwa anatazama kiti cha kushoto. Alijua sasa kwamba hakuwa na mtu wa kumtwika lawama ya ile siku moja. Si Laurenti. Wakubwa wana yao mengi na atawadai mpaka anaingia kaburini, lakini ile Ijumaa ilikuwa yake mwenyewe, mkono wake, spana yake, na kiburi chake cha kuikataa Datsun. Na Jumatatu ilikuwa ya Hosiana.

"Laurenti," akaita, bila kugeuza kichwa.

"Naam, ndugu yangu."

"Huyo konda. Alikwambia alimkutaje?"

Laurenti alijifuta machozi. "Alisema Mama Grasi alitoka mwenyewe hadi kwenye basi. Alisimama ameegemeza kiganja kwenye bati la basi wakati anatoa maneno yale. Konda akamtania, mama, unatusaidia kusukuma? Naye akacheka. Basi likaondoka."

"Ameegemeza kiganja."

"Ndivyo alivyosema."

Jirani yao Tatu alikuwa amesogea uani aliposikia mlio wa gari, mikono kichwani. Habakuki alimtazama yeye, akamtazama Ledama, akamtazama Laurenti, mmoja mmoja, kama vile mmoja wao anaweza kuwa anajua. Konda yule alikuwa ameshaacha kazi, amehamia bara, hakuna anayejua wapi. Injini ilikuwa inazungumza peke yake.

"Mke wangu alikuwa mtu wa kusimama wima," akasema. "Hakuegemea kitu hata siku moja. Sasa niambieni. Jumatatu ile alikuwa amechoka tu, au tumbo lilikuwa limeshaanza kumuuma?"