Mkubwa wa Jina

Feilimí Mac Giolla Eachna hakuwa na mke. Hakuwa na mtoto, wala ng'ombe, wala mashua. Meno ya upande wa kushoto hakuwa nayo, na nyumba yake haikuwa na sakafu ila ardhi ileile aliyoikanyaga babu yake. Kiingereza alikuwa nacho cha kuulizia bei ya kondoo, basi. Alichokuwa nacho ni jina, na pamoja na jina, gamba la kombe, jeupe, lililolika kingo kwa kupita mikono mingi.

Jina lenyewe maana yake ni mwana wa mtumishi wa Eachna. Eachna alikuwa mtakatifu aliyekuja kisiwani kwao zamani sana katika kijimashua cha ngozi, na watu walipomwona anakaribia walijificha nyuma ya mawe, wakidhani ni mnyang'anyi. Mmoja tu ndiye aliyeshuka ufukweni, akaingia majini mpaka kiunoni, akambeba mgeni mgongoni hadi nchi kavu. Kizazi cha mtu huyo kikapewa jina, na kikapewa kazi. Udongo wa kaburi la mtakatifu usichotwe na yeyote ila mkubwa wa jina, mwanamume au mwanamke, yaani yule aliyetangulia kuzaliwa kuliko wote walio hai. Akichota mwingine, ni udongo wa kupandia viazi. Akichota yeye, panya hawasogei, na mashua iliyowekewa chembe zake chini ya ubao wa mbele hurudi nyumbani. Kisiwa kile hakina panya hata mmoja, na huwezi kumwambia mtu wa pale kwamba sababu ni nyingine.

Jina lilikuwa limesafiri kuliko Feilimí. Njaa ililipeleka Boston, mavuno ya viazi yakalipeleka Uskoti, migodi ya shaba ikalifikisha Montana, na huko kote watu walilipunguza hapa na pale ili makarani waweze kulitamka. Lakini msiba ulipowafika walikumbuka njia. Desturi ni kwamba mtu wa jina akifia ugenini awekewe udongo wa Eachna chini ya kichwa, au juu ya kaburi kama amekwisha zikwa. Waliandika, na Feilimí alipiga magoti, akachota kwa gamba lake, akatia katika bahasha, na chini ya barua akaweka sahihi kwa mwandiko wa kujivuta: Mkubwa wa Jina. Tajiri mmoja wa Boston alimjibu akimwita Mheshimiwa. Kisiwa kizima kiliisikia barua hiyo, na baadhi yao walisomewa mara ya pili bila kuomba.

Mwezi wa Mei, boti ya posta ikaleta mwanamke mwenye koti la kijani na nywele nyeusi kupita umri wake. Aliuliza habari za Feilimí kwa Kigaeli, lugha ya wenyeji, tena cha zamani, chenye maneno ambayo waliokuwa wakiyasema wote wako makaburini. Wakampeleka dukani kwa Gráinne, ambako ndiko posta pia, na ambako wanaume hukaa siku ya boti kana kwamba kila mmoja anangoja barua. Feilimí alikuwa juu ya gunia la unga, mahali pake.

Mwanamke akasema anaitwa Sorcha, wa Glasgow, binti wa Nábla. Hapakuwa na haja ya kueleza zaidi. Nábla alikuwa shangazi yake Feilimí, aliyeondoka kisiwani msichana, na tumbo lake, bila mume, na tangu siku ile baba yake hakuruhusu atajwe mezani. Mtoto alizaliwa Glasgow na akaitwa kwa jina la mama, kwa kuwa la baba halikujitokeza.

"Mama alifariki wiki ya Pasaka," Sorcha akasema. "Aliniomba kitu kimoja. Udongo."

Feilimí siku hiyo alikuwa mkunjufu. Wasikilizaji walikuwepo, mgeni alikuwepo. Akamwita mdogo wangu, akamwambia asiwe na shaka, kesho asubuhi atamchotea. Kisha akamsimulia habari za mtakatifu na yule mtu wa ufukweni, na kutoka hapo akaingia, kama kawaida yake, katika kuzaliwa kwake mwenyewe. Alizaliwa miezi michache baada ya meli ya mbao ya Norwei kuvunjikia miambani, na kitanda chake cha kwanza kilichongwa kwa mbao za meli hiyo.

"Mtoto wa askofu hajalala pazuri kama nilivyolala mimi," akasema, na watu wakacheka pale wanapocheka siku zote.

Sorcha naye akacheka. "Meli ile! Mama alinisimulia. Habari zilimfikia siku niliyosimama peke yangu kwa mara ya kwanza, nimeshika kiti. Alilia kwa furaha, halafu akalia tena kwa kumhofia baba yake, asije akawa alikwenda kuokota mbao."

Hakuna aliyehesabu kwa sauti. Searlaí, jirani yake Feilimí, akagundua kasoro ndani ya kiko chake, akaichunguza sana. Gráinne akaanza kupanga viberiti vilivyokuwa vimepangwa. Mtu pekee ambaye hakuelewa alilolisema ni Sorcha, maana yeye hakufuata ukubwa. Alifuata udongo.

Feilimí alielewa. Sorcha alikuwa amekwisha kusimama meli ilipovunjika, na yeye Feilimí bado yumo tumboni; mkubwa ni Sorcha. Hapo hakuna cha kubishana. Masikio yakamchoma. Akaona macho yote yamegeuzwa pembeni kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomtia wazimu.

"Udongo ni wa watu wa jina," akasema. "Wewe jina hukupewa na baba. Umeliokota pale mama yako alipoliangusha."

Sorcha alimtazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kumfananisha mtu na picha aliyoileta kutoka mbali.

"Mama aliniambia mtu wa jina hushuka ufukweni kumpokea mgeni," akasema taratibu. "Nimeshuka nikamkuta punda. Kumbe yule ndiye alikuwa mwenyeji wangu."

Akachukua mkoba wake. Boti ilikuwa bado inapakia, akarudi nayo.

Hakuna aliyemlaumu Feilimí, na wangemlaumu, angalau angekuwa na la kujibu. Walimsalimia kama zamani, wakamwekea nafasi kwenye gunia. Ila mazungumzo yalipoelekea kwa watakatifu, mtu alikohoa na kuuliza bei ya sufu. Usiku na mchana alijitafutia mlango wa kutokea. Akajiambia kwamba anayekaa ng'ambo hahesabiwi. Lakini kila mtoto wa kisiwa alijua kisa cha Muiris, mkubwa wa jina aliyekuwa katika migodi ya Montana na hakutaka kurudi. Watu walikaa bila udongo mpaka alipokufa, na mashua zilishushwa bila kitu chini ya ubao. Hakuna aliyethubutu kuchota badala yake. Kisa hicho Feilimí mwenyewe ndiye aliyekuwa akikisimulia vizuri kuliko wote.

Majira ya kiangazi Searlaí akamaliza kuunda mashua mpya. Wiki ikapita, na nyingine, mashua imekaa juu ya magogo inakauka rangi mara ya pili. Mwishowe akaja mlangoni kwa Feilimí, kofia mkononi kama desturi inavyotaka, akasema mashua iko tayari, lakini wala si haraka.

Walikwenda pamoja. Feilimí akapiga magoti penye kaburi, pale nyasi zilipolika kwa kuchotwa, akalishika gamba. Udongo ulikuwa na unyevu, mweusi, mzuri. Mkono haukushuka.

"Nikikupa, utautia?" akauliza bila kugeuka.

"Nitautia, mzee. Kwa heshima yako."

"Na utavua wapi?"

Searlaí akaizungusha kofia. "Kwa sasa nitakaa karibu na miamba ya huku kwetu. Mke wangu ana wasiwasi kidogo, unajua wanawake."

Feilimí aliinuka, magoti yake yana tope. Akamwambia aende nyumbani, na asimwambie mkewe kwamba alisingiziwa wasiwasi.

Barua ilimchukua jioni tatu, na viazi viliungua katika jioni mbili kati ya hizo. Alianza na "Mdogo wangu" kwa mazoea, akachana karatasi. Alianza tena: Dada. Akaandika kwamba asimsamehe kwa kudhani hakujua. Alijua palepale dukani, kabla hajafunga mdomo, na alisema aliyoyasema kwa sababu alijua. Jina la Nábla, akaandika, lilitajwa jana mezani kwake, kwa sauti, ingawa mezani alikuwa peke yake. "Nakuletea gamba. Ni lako, lilikuwa lako siku zote nilipolishika. Njoo uchote kwa mkono wako, umpelekee mama. Usipotaka kuja tutangoja. Kisiwa hiki kimewahi kungoja. Kila siku ya boti nitakuwa ufukweni."

Akatia sahihi: Feilimí, mwana wa Eoghan. Hakuongeza kitu.

Siku ya boti wanaume wote walikuwa dukani. Gráinne alikuwa na anwani. Sorcha alikuwa amemwachia siku ile, akisema huenda mtu akabadili nia. Feilimí akaiandika juu ya bahasha nene pale kwenye kaunta, polepole, na chini ya jina la Sorcha akaandika maneno mengine matatu. Akaomba isomwe kwa sauti, isije ikapotea.

Gráinne akasoma jina. "Na haya ya chini?"

"Yote."

"Mkubwa wa Jina," Gráinne akasoma, kisha mtaa, kisha Glasgow. Searlaí akavua kofia, wengine wakamfuata.

Feilimí alikuwa amelifunga gamba ndani ya soksi ya sufu. Akalitumbukiza katika bahasha hiyo pamoja na barua, akaukunja mdomo wake. Gráinne akayeyusha lakiri, ikadondoka nyekundu, akaigandamiza muhuri, akaitupa bahasha ndani ya mfuko wa posta. Mhudumu wa boti akauweka mfuko begani, akashuka nao ufukweni, na Feilimí akashuka nyuma yake.