Miche ya A Thút

Kilichomshtua Y Brăng kwanza ni kutoonekana kwa panya. Kila mwaka, matunda mekundu ya jinsengi, mmea wa dawa wenye mizizi ya bei kubwa, yakiiva chini ya miti mikubwa ya mlima Ngọc Linh, mama huyu hushinda akiwategea mitego panya wanaokuja kuyala. Mwaka huu mitego ilikaa tupu siku kumi. Matunda yalikuwa palepale, hayajaguswa.

Alipiga magoti kwenye tuta la chini, akafukua kwa vidole. Mzizi wa miaka sita ukabonyea mkononi kama kiazi kilichochemka kupita kiasi. Ulinuka maji yaliyolala. Na pembeni, hatua tatu tu, ndipo ilipokuwa miche ya mdogo wake, A Thút.

Mbegu za shamba lile baba yao alizitoa porini zamani, wachimbaji walipokaribia kuimaliza jinsengi ya mwitu. Alizipanda humohumo msituni bila kukata mti, maana jinsengi haitaki jua. Sasa kijiji kizima kilikula kwa mashamba ya aina hiyo, na msitu ukabaki msitu.

Miezi miwili nyuma A Thút alikuja na kapu la miche.

"Dada, nihifadhie kidogo tu. Ionje baridi ya huku."

"Umeitoa wapi?"

"Huoni majani? Jinsengi hiyo."

"Majani nayaona. Nauliza umeitoa wapi."

"Umekuwa polisi siku hizi?" Alicheka. "Au unaogopa yangu itanenepa kuliko yako?"

Tangu mama yao afe, A Thút hakuwahi kumwomba kitu. Y Brăng akampa nafasi.

Sasa alishuka moja kwa moja hadi nyumbani kwa ndugu yake, akamkuta jikoni anachoma muhogo na kuutafuna. Akamwekea ule mzizi uliooza mbele ya magoti. A Thút aliutazama, akaacha kutafuna.

"Ni ya bondeni," alisema hatimaye. "Siyo yetu, inafanana tu. Nilitaka kuiuza kama ya mlimani, nilidhani hakuna atakayejua."

"Hukuniletea yote. Miche mingine iko wapi?"

A Thút aligeuza muhogo motoni.

"Thút! Mingine umeipeleka wapi?"

"Kule juu, Genge la Maji Meupe."

Y Brăng aliinuka, akaelekea mlangoni. Kwenye genge lile la mawe, penye chanzo cha kijito, ndiko ilikobaki jinsengi ya mwitu, mama wa mbegu zote. Kijiji kilikuwa kimepiga marufuku kuchimba hata kijiti pale.

"Nilijua hakuna mtu anayefika," A Thút akanong'ona.

Walipanda pamoja, ukungu ukiwafunika hadi kiunoni. Hakuna ndege aliyelia. Gengeni, mashina ya mwitu yalikuwa yamelala chini, moja baada ya jingine, kufuata njia ya maji.

"Dada, hili zima!"

Y Brăng aliinama. Shinani palizungukwa na pete ya manjano: ugonjwa wa ile miche ulikuwa umeshafika.

"Usiguse. Usiguse kitu chochote tena."

Jioni hiyo A Thút alisimama katika nyumba ya mikutano, akasema yote kwa kinywa chake. Watu wakaanza kuhesabu mashamba kwa vidole. Kijito cha gengeni hupita kando ya mashamba kumi na moja.

Kesho yake wanaume walianza kuchimba mtaro wa kukigeuza kijito, A Thút akiwa mbele, viganja vimechubuka. Y Brăng alichoma matuta yake ya chini. Kutoka tuta la juu kabisa, ambako uozo haukuwa umefika, alichuma matunda arobaini, akaoga, akachoma nguo alizokuwa amevaa ili asibebe ugonjwa, akavuka upande wa pili wa mlima hadi kijiji cha binti yake. Huko alizipanda mbegu kwenye udongo ambao haukuwahi kulimwa.

Mvua haikukatika. Siku ya tisa mkwewe, mume wa binti yake, alirudi kutoka kijijini kwa Y Brăng alikokwenda kuuliza habari. Alisimama mbali na matuta, kama alivyoagizwa.

"Mama, mjomba A Thút anasema mtaro umejaa, maji yanapenya chini kwa chini. Shamba la nne nalo limeanza kulala."

"Na mengine?"

"Anasema usirudi kwanza, uzilinde hizi mbegu za huku."