Mgeni wa Rebeka

Rebeka alikuwa akimenya viazi nyuma ya nyumba yake Makambako, karibu na reli, uvimbe uliokuwa kwenye titi lake la kushoto ulipomsalimia. "Kamwene," ulisema, kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Rebeka akaitikia, akafuta mikono kwenye kitenge, akauliza mgeni angependa kutumia nini. Uvimbe ukaomba chai yenye sukari nyingi.

Kwao Mdandu, alikozaliwa, mgeni haulizwi amefuata nini wala ataondoka lini. Anapewa kigoda, anapewa chakula, na akishiba atasema mwenyewe shida yake. Tabu ni kwamba huyu hakuwa na kushiba. Alimaliza viazi vitamu, akahamia kwenye maandazi, akayafikia mahindi mabichi, na Rebeka, mwanakwaya ambaye hajawahi kumfungia mtu mlango, akazidi kumkirimu. Tukitaka kumlaumu kwa hilo, tuwalaumu na waliomlea.

Sukari ilipoacha kumtosha, mgeni alianza kuomba vitu vya zamani. Jioni moja aliutaka ulanzi wa Mdandu, ule utomvu wa mianzi wa asubuhi, kabla haujachacha. Rebeka akamweleza kwamba mianzi ya baba yake iling'olewa, siku hizi pale pamepandwa maparachichi. Uvimbe ukasema haidhuru, ule anaoukumbuka unatosha.

Basi Rebeka akafumba macho na kuukumbuka. Ilikuwa masika, ukungu umelala kwenye mianzi, baba akirudi na ulanzi aliougema alfajiri, mama akiwagawia watoto kwa kikombe kimoja cha bati, kila mmoja na funda lake. Uvimbe ukala. Alipofumbua macho, ukungu ulikuwepo, baba alikuwepo, kikombe kilikuwepo, ila utamu ulikuwa umekwenda. Katika kumbukumbu yake sasa watoto wale walikuwa wakinywa maji. Rebeka alilia kidogo, kwa kuwa aliupenda sana ule ulanzi, kisha akarudi jikoni.

Binti yake, Anneth, aliyeishi Mjimwema, ndiye aliyemgundua mgeni. Alikuja kusalimia, akamsikia mama yake akisimulia utoto wake kama mtu anayesoma matangazo ya kanisani, akamchukua na kumpeleka hospitali huko Njombe.

Kwenye benchi la wagonjwa walikaa na Conjesta, mama wa makamo kutoka Lugarawa, naye akiwa na wa kwake. Wa Conjesta haukujali sukari hata kidogo. Ulipenda mafuta, hasa ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, na Conjesta akiukaripia ulinyamaza. Walizungumza habari za vimbe zao kama watu wanavyowazungumzia mawifi.

Daktari Lenard aliwaeleza bila haraka. Alisema vimbe za titi si ukoo mmoja, na wala hazili chakula kimoja. Ziko zenye masikio, husikiliza homoni za mwili wa mwanamke na kukua kwa amri yake. Hizo hupewa kidonge kinachoziba masikio. Ziko ambazo hazina masikio kabisa, na dawa yake ni nyingine.

"Wa kwangu hausikii, daktari," Rebeka alisema. "Nauomba upunguze kula tangu viazi vilipoisha."

Daktari aliinama, akauambia kwa Kibena umwache huyu mama. Uvimbe ukaomba asali. Daktari akatikisa kichwa, akakubali kwamba kweli hausikii. Lakini dawa ya maabara inayoonyesha masikio ilikuwa imekwisha, kinyama walichokata kwenye uvimbe kilipelekwa mbali na majibu hayakurudi, na kidonge kilichokuwepo kwenye dirisha la dawa kilikuwa cha aina moja.

"Siwezi kutibu nilichosikia, Mama Anneth," alisema. "Natibu kilichopimwa. Pole sana. Meza hiki kwanza."

Conjesta alipewa hicho hicho. Wa kwake ulinyamaza kabla mahindi hayajakomaa, na walipokutana tena benchini aliona haya kuwa na afya mbele ya mwenzake. Rebeka akamshika mkono, akampongeza kwa moyo mmoja.

Alihamia kwa Anneth. Jioni, wakiota moto, alijitahidi kumwahi mgeni: alimsimulia binti yake kila kitu kitamu kabla hakijaombwa. Alimpa viazi vya kuchoma kwenye majivu, Krismasi ya gauni la kwanza, na sauti ya mama yake akimwita kutoka ng'ambo ya bonde. Anneth alipokea vyote. Mama akishavipoteza, Anneth alimsimulia tena kwa maneno yale yale.

"Funda la mwisho lilikuwa lako," Anneth alimwambia jioni ya mvua. "Bibi alikuachia kwa kuwa ulikuwa mdogo. Ulilamba mpaka ukingo wa kikombe."

Rebeka alisikiliza kwa adabu, kama anayepewa habari za familia ya jirani. "Kalikuwa katamu?" aliuliza.

"Kalikuwa katamu sana, mama."

Alifurahi kwa ajili ya mtoto yule. Anneth akamletea maji na kidonge, kile kile cha watu wote. Uvimbe ukasubiri mpaka amemeza.

"Kamwene," ukasema.