Mkeka wa Lagimaina

Mkeka ule Lagimaina aliuanza mwaka mwanawe Alapati alipovaa jezi ya buluu ya Samoa kwa mara ya kwanza. Aliyachana majani ya mkadi kwa ukucha hadi yakawa membamba kama uzi, akasuka taratibu miaka nenda miaka rudi, huku kijana akicheza raga Ufaransa na kurudi kuichezea nchi. Ulipokwisha ulikuwa laini kama kitambaa, pindo lina manyoya mekundu. Ulikuwa wa siku moja tu: siku Alapati atakapopewa jina la ukuu la marehemu baba yake.

Sasa amerudi, mabega yanajaa mlango. Lakini kichwa, kilichogongwa na magoti ya watu miaka yote ile, kinavuja kama ndoo yenye tundu. Na jina la ukuu hapewi asiyeweza kusimama akawataja mababu kwa moyo.

Kila asubuhi, Alapati akifua nazi, mama alimfundisha.

"Tuimalama akamzaa nani?"

"Fonoga. Fonoga naye akamzaa... Usiniambie, mama."

Dada yake Tofi akadakia, "Wafaransa uliwaangusha kama migomba, leo babu mmoja anakupiga chenga?"

"Huyu babu hana jezi, nitamjuaje?"

Wakacheka. Mama naye akacheka, kisha akainama kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Siku ikafika. Wakuu wakaketi, kila mmoja kwenye nguzo yake, bakuli la ava, kinywaji cha heshima, katikati. Alapati akasimama, kifua kinang'aa mafuta ya nazi. Akataja wawili, akakwama. Mtu akakohoa. Macho ya Alapati yakazunguka nguzo zile, yakaona moja iko tupu, ile aliyokuwa akiegemea baba yake.

"Mama," akaita mbele ya wote, "mbona hatuanzi? Baba kachelewa wapi?"

Kaburi la baba liko pale uani. Juzi tu Alapati mwenyewe alilipaka chokaa.

Hakuna aliyecheka. Mzee Vaelupe, mkuu wa ukoo, akamtupia jicho Iakopo, mpwa wake. Lagimaina aliliona jicho lile. Akamshika mwanawe mkono, akamtoa nje, wakapiga magoti kwenye kokoto mbele ya nyumba kama wafanyavyo wakosaji wanaoomba msamaha, akaukunjua mkeka na kujifunika naye.

"Mama! Kosa gani? Kaua mtu?" Tofi akalia.

"Nyamaza, Tofi. Nilijua, na bado nikawaita wakuu."

Chini ya mkeka mwanga uliingia kama unga uliochungwa. Alapati akavuta harufu ya mkadi, akatulia. Akaanza kunong'ona. Tuimalama akamzaa Fonoga, Fonoga akamzaa Sagapo, akashuka hivyo bila kumruka hata mmoja.

"Na baba akanizaa mimi. Sivyo, mama?"

"Ndivyo, baba. Ndivyo."

Kokoto zikalia. Mkono wa Vaelupe ukauinua mkeka, jua likawamwagikia.

"Yamekwisha, dada yangu. Inukeni."

"Waambie, mwanangu! Waambie kama ulivyoniambia!"

Alapati akakunja uso kwa mwanga.

"Niwaambie nini, mama?"

Vaelupe akaukunja mkeka, pindo kwa pindo, akaingia nao ndani. Walikuwa wameshamkalisha Iakopo kwenye ile nguzo.